Kigugumizi ukubwani: ukifiche, ukifunze adabu, au ukiache kisikike?

Watoto wengi wanaoanza kushikwa na kigugumizi hupona wenyewe. Katika watoto 20, mmoja hivi hupitia kipindi hicho, na robo tatu yao au zaidi hutoka salama. Ukubwani hubaki mtu 1 kati ya 100, wanaume wakiwa kama 4 kwa kila mwanamke 1. Kwa hiyo kama una kazi yako na familia yako, na jina lako mwenyewe bado linakukwama mdomoni, uwezekano wa kuamka siku moja ukakuta kigugumizi kimeondoka ni mdogo mno. Kilichobaki ni kuchagua namna ya kuishi nacho, na hapo njia ni tatu.

Chanzo nitakipita haraka. Kigugumizi kinatokana na jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi kinatembea katika ukoo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dennis Drayna walitangaza jeni za kwanza zinazohusishwa nacho, na mwaka 2015 wakaongeza nyingine baada ya kuchunguza ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni. Woga haukianzishi, ingawa hukikoleza. Hukipati kwa kumcheka aliye nacho. Na kile kijinyama cha chini ya ulimi, ambacho wenzetu wengine walikatwa utotoni, hakina kosa lolote hapa.

Sasa tupime njia kwa kipimo gani? Wengi huhesabu wamekwama mara ngapi. Hesabu hiyo haifai, kwa sababu mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila kukwama kwa kuwa kila alichotaka kusema alikimeza. Mimi hujiuliza: wiki hii nimesema nini ambacho zamani ningenyamaza? Na ninaijaribu kila njia kwenye mahali pasipokwepeka: kumwambia konda akushushe, kumwamkia mkubwa, kupokea simu, kujitambulisha kwenye usaili, na ile siku ya ndoa ambapo ukumbi mzima umenyamaza ukikusubiri wewe.

Kukificha

Njia hii hakuna anayeichagua. Mtu hujikuta ndani yake tangu madarasa ya chini, mwalimu anapopitisha zamu ya kusoma kwa sauti na wewe unahesabu vichwa ujue aya gani itakuangukia. Ukiona neno linakuja na unajua litagoma, unalibadilisha. "Kariakoo" inakuwa "kule sokoni." "Pesa" inakuwa "hela," ikigoma nayo inakuwa "fedha," ikishindikana unasugua vidole na mwenzako anaelewa. Unaingiza "yaani" na "ile nini" kuvuta muda. Unakohoa. Hotelini ulitaka chapati, ukaagiza wali kwa sababu wali unatamkika.

Mwenye kigugumizi anajua visawe kuliko mwalimu wa Kiswahili. Tatizo ni kwamba visawe havilingani. Namjua jamaa aliyekwama kwenye "daktari" akaokolewa na "mganga," na nyumba nzima ikaanza kumuuliza ni mganga wa wapi na nani kamfanyia hivyo.

Tuitendee haki njia hii: inafanya kazi. Kuna watu wamestaafu bila wafanyakazi wenzao kujua kwamba wana kigugumizi. Haihitaji mtaalamu wala nauli, na kuna siku unachotaka ni kumaliza foleni ya benki tu na kwenda zako. Charles Van Riper, Mmarekani aliyezaliwa 1905 na baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa tiba ya usemi, alisimulia kuwa ujanani aliwahi kufanya kazi shambani akijifanya kiziwi na bubu ili asilazimike kusema. Ukishangaa, kumbuka kwamba anayejifanya amesahau jina la mtaa wake yuko kwenye barabara hiyohiyo.

Gharama yake ndiyo haionekani. Kwenye daladala neno ni moja, "shusha," na lina sekunde mbili za kutoka. Likigoma unangoja abiria mwingine ashuke, kisha unarudi kwa miguu juani. Simu ni mbaya zaidi. Unapokea, kimya kinatanda, wa upande wa pili anasema "Halo? Halo? Mtandao huu!" na kukata. Taratibu unakuwa mtu wa meseji, na ndugu wanasema siku hizi hupatikani.

Lakini pale kuficha kunapoumbuka kabisa ni kwenye "shikamoo." Neno hilo kwetu halina mbadala. Mzee anakuja, "sh" imeganda, unainamisha kichwa na kutabasamu, anapita. Jioni anamwambia baba yako, "Mwanao siku hizi ana majivuno." Umefanikiwa kuficha kigugumizi, na mahali pake umepachikwa kiburi. Ukitaka kujua kama njia hii bado inakufaa, jiulize kati ya sifa hizo mbili ungependa mtaa ukujue kwa ipi.

Usaili nao huanza na "jitambulishe," na jina lako ndilo neno pekee usiloweza kulibadilisha. Nimesikia watu wazima wakijitaja kwa jina la kati maisha yao yote kwa sababu hiyo tu.

Kukifunza adabu

Hapa ndipo wataalamu wa tiba ya usemi walipofanya kazi nyingi zaidi, na ndani yake mna shule mbili ambazo mgeni huziona ni kitu kimoja.

Shule ya kwanza inakufundisha kuongea upya. Unapumua vizuri, unaanza sauti kwa ulaini, unavuta irabu, unaunganisha maneno bila kukatiza pumzi. Mwanzoni unaongea polepole mno, kama kanda iliyoishiwa betri, halafu mwendo unapandishwa kidogo kidogo. Huko Virginia, Marekani, kuna taasisi ya Hollins iliyoanzishwa 1972 inayofundisha hivi kwa kozi za siku nyingi mfululizo. Australia wana programu iitwayo Camperdown inayofuata wazo la karibu na hilo. Kiswahili kinapokea mbinu hii vizuri, maana silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, na irabu inavutika.

Matokeo ya mwanzo hushangaza. Mtu aliyekuwa akihangaika na kila sentensi anatoka kwenye kozi anaongea kama mtangazaji wa habari. Kisha anarudi nyumbani, na baada ya miezi kadhaa mengi yanarudi yalipokuwa. Si uvivu. Kuongea kwa mbinu kunataka uangalie kila neno, na hakuna anayeweza kuangalia kila neno huku akigombana na mwenye nyumba kuhusu bili ya maji. Wengi pia hulalamika kwamba ile sauti laini si yao. "Mbona unaongea kama roboti?" ni swali linaloumiza kuliko kukwama kwenyewe.

Shule ya pili ni ya huyo Van Riper, aliyefungua kliniki yake Kalamazoo, Michigan, mwaka 1936. Yeye hakuahidi kuondoa kigugumizi. Alisema kama utakwama, basi kwama kwa urahisi. Ana hatua tatu, na zinafundishwa kinyume na unavyotarajia. Kwanza unajifunza kurekebisha baada ya kukwama: neno limegoma, umelimaliza kwa shida, unatulia kidogo, unalirudia kwa ulaini. Ukizoea, unajifunza kujinasua ukiwa bado katikati ya neno: usisukume, legeza midomo, punguza nguvu, liache litoke taratibu. Mwisho kabisa unajifunza kujiandaa kabla ya neno unaloliona kwa mbali.

Tuchukue "shikamoo" ileile. Kwa kawaida tunalisukuma: taya imebana, shingo imesimama, macho yamekimbilia chini. Shule ya kwanza itakwambia anza kwa pumzi na uteleze, "shiiikamoo." Shule ya pili itasema: umeshakwama kwenye "sh," sawa, usirudi nyuma wala usiruke, iache "shhhh" iendelee kama upepo huku unalegeza taya, kisha ingia "-ikamoo." Mzee hana haraka. Hata angekuwa nayo, heshima yako imeshafika kabla neno halijaisha.

Kwangu tofauti kubwa kati ya shule hizi iko kwenye siku mbaya. Mbinu ya shule ya kwanza ikikataa umerudi sifuri, na juu yake una aibu ya mwanafunzi aliyefeli. Ya pili imekuandaa kwa siku hiyo hasa. Kukwama ni sehemu ya somo.

Hata hivyo shule ya kwanza ina mahali pake, nako ni penye sentensi inayojulikana kabla. Mfalme George VI wa Uingereza ndiye mfano unaotajwa kila mahali, ingawa mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya kupona. Tarehe 31 Oktoba 1925, akiwa bado mwana wa mfalme, alihutubia Wembley kwa mateso makubwa. Mwaka uliofuata akaanza mazoezi na Lionel Logue, Mwaustralia aliyekuwa London. Tarehe 3 Septemba 1939, siku Uingereza ilipoingia vitani, alisoma hotuba yake redioni huku Logue akiwa pembeni yake chumbani. Kigugumizi hakikuondoka. Ile ilikuwa karatasi iliyofanyiwa mazoezi, yenye mahali pa kupumzika palipopangwa.

Sisi hatuhutubii dola, lakini tunaoa. Kwenye posa mshenga anakusemea, umesalimika. Kwenye akdi watu wanataka kusikia kinywa chako: "Nimekubali kumwoa," kisha jina la binti na la baba yake, majina mawili yasiyo na visawe. Sentensi hiyo unaijua wiki nyingi kabla. Ifanyie mazoezi ya kuvuta na kuunganisha hadi ulimi uijue wenyewe. Kanisani ni rahisi zaidi, kwa kuwa viapo hurudiwa kipande kwa kipande nyuma ya mchungaji au padri, na wengi wetu tukifuata sauti ya mwingine au tukisema pamoja naye hatukwami. Ndiyo maana hatukwami kwenye kwaya wala kwenye kuitikia dua.

Gharama? Muda na pesa, na mtaalamu. Kwetu wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na wahitimu wake wamesaidia, lakini mtu wa Songea au Lodwar bado ana safari ndefu. Mafunzo kwa njia ya video yamepunguza tatizo hilo kidogo kwa mwenye bando.

Kukiacha kisikike

Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), ambaye naye alikuwa na kigugumizi, alikifananisha na mlima wa barafu baharini: kinachosikika ni kile kipande kidogo cha juu, na chini ya maji kuna aibu, woga, hatia na kukwepa. Ukichonga cha juu peke yake, cha chini kinapanda. Dawa yake ilikuwa kuacha kukwepa. Sema neno ulilolitaka, kwa muda litakaoutaka.

Watu husikia "kujikubali" wakadhani ni kukaa na kukata tamaa, kama kuambiwa "ndivyo Mungu alivyokuumba, vumilia." Sivyo. Hii ndiyo njia yenye kazi nyingi kuliko zote tatu, kwa sababu mazoezi yake yanafanyika mbele za watu.

Zoezi la kwanza ni kutangaza. Kwenye usaili unakaa, unasalimia, kisha unasema: "Nina kigugumizi, kwa hiyo baadhi ya maneno yatachukua muda. Kama hamjasikia vizuri, niulizeni." Basi. Namna ya kusema ina uzito. Courtney Byrd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walilinganisha mtu anayetoa taarifa hiyo kawaida na anayeitoa kwa kuomba radhi. Wasikilizaji walimpokea vizuri zaidi wa kwanza. Kwetu hili ni gumu, maana tumelelewa kuanza kila ombi na "samahani." Ifute hiyo samahani. Hujamkosea mtu.

Kwenye simu tangazo liwe fupi zaidi: "Usikate, nina kigugumizi." Ajabu ni kwamba ukishalisema, mara nyingi maneno yanayofuata yanalegea, kwa kuwa hakuna tena cha kulinda.

Zoezi la pili ndilo linalowakimbiza wengi, nalo ni kukwama kwa makusudi. Unaingia dukani unaomba "su-su-sukari robo" ilhali "sukari" siku hiyo ingetoka bila shida. Unamtazama muuzaji usoni. Unaona nini? Mara nyingi anachota sukari. Wapo wanaocheka, na hao nao ni somo, kwa sababu umechekwa na bado umetoka na sukari yako. Daladala ni uwanja mzuri kuliko duka. "Sh-sh-shusha!" ikisemwa kwa sauti ya kutosha inasimamisha gari sawasawa na "shusha" iliyonyooka. Konda anachotaka ni kusikia.

Hapa lazima niseme upande wa pili. Miezi ya mwanzo utasikika vibaya zaidi kuliko zamani, hasa kama ulikuwa bingwa wa kuficha. Mama atauliza, "Mwanangu, mbona kimerudi? Nani kakuudhi?" Shangazi ataleta jina la mtu anayeombea. Mwenzi wako, ambaye pengine hajawahi kukusikia ukikwama hivyo, naye anahitaji kuandaliwa. Mweleze kabla hujaanza, na mwombe jambo moja tu: asikumalizie sentensi. Familia zetu humalizia sentensi kwa upendo, na upendo huo unachosha.

Tena njia hii haifai kila mahali. Kama uko mbele ya polisi usiku, au kwa bosi unayejua ni mkatili, huna deni la kumwelimisha yeyote. Kubadilisha neno siku hiyo si usaliti.

Kinachoibeba njia hii ni wenzako. Marekani chama cha kitaifa cha wenye kigugumizi kilianza 1977, na tangu 1998 tarehe 22 Oktoba huadhimishwa kama siku ya kimataifa ya kigugumizi. Kama hakuna kikundi karibu, watu watatu wanaokutana kibarazani Jumapili wanatosha. Mtu mzima anayemsikia kwa mara ya kwanza mwingine akikwama kama yeye, bila aibu, hupata kitu ambacho mtaalamu fasaha hawezi kumpa.

Dini nazo zina la kusema, na huwa naona watu wanachukua nusu yake. Waislamu husoma dua ya Nabii Musa katika Sura Taha akiomba fundo la ulimi lifunguliwe, na Wakristo wanamjua Musa wa Kutoka aliyesema ulimi wake ni mzito. Katika simulizi zote mbili Musa alipewa ndugu yake wa kumsaidia, kisha akaenda kwa Farao mwenyewe. Hakuachwa nyumbani ili Haruni aende peke yake.

Vifaa na dawa, kwa ufupi

Kuna programu za simu zinazokurudishia sauti yako masikioni ikiwa imechelewa kidogo, ili usikie kama unaongea na mwenzako. Wengine zinawasaidia sana, wengine hawaoni tofauti, na nguvu yake huweza kufifia ukizizoea. Sokoni kwenye kelele zinasumbua. Za bure zipo, jaribu ujionee. Dawa za hospitali zimejaribiwa, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha hata moja mahususi kwa kigugumizi, na baadhi ya zilizojaribiwa zina madhara mazito. Anayekuuzia mizizi au mafuta ya "kufungua ulimi" kwenye status ya WhatsApp, mwache na biashara yake.

Basi uchukue ipi?

Kama kigugumizi chako ni kikubwa, kila sentensi ni vita, taya na shingo vinauma jioni, anza na shule ya Van Riper ukiwa na mtaalamu. Kutangaza peke yake hakutakupunguzia maumivu ya kusukuma. Baadaye ongeza mazoezi ya kusikika.

Kama wewe ni bingwa wa kuficha, watu hawajui, na unachoka kuliko wanavyodhani, usiende kutafuta mbinu za ufasaha. Zitakupa pazia jingine zuri zaidi. Anza na kutangaza, kwa mtu mmoja unayemwamini, kisha dukani, kisha kazini. Kwa maoni yangu hili ndilo kundi linalopotezewa muda zaidi, kwa sababu hata wataalamu wengine humwambia "mbona unaongea vizuri tu?"

Kama kazi yako ina maneno yaleyale kila siku, mwalimu anayeita mahudhurio, karani wa mahakama, mhudumu wa mapokezi, shule ya kwanza, ile ya kuongea upya, itakulipa kwa sentensi hizo. Usitarajie ikulinde kwenye mabishano ya mpira.

Na kama siku yenyewe ni Jumamosi hii, akdi au usaili, hakuna muda wa kujifunza chochote kipya. Fanya mazoezi ya sentensi ya kwanza tu, watangazie wanaohusika kabla hujaanza, na ukikwama usisukume.

Ukimpata mtaalamu, mwulize maswali haya kabla ya kulipa. Amewahi kufanya kazi na watu wazima wenye kigugumizi, au watoto waliochelewa kuongea tu? Atakupeleka nje ya chumba, sokoni na kwenye simu, au kila kitu kitaishia ofisini? Akiona umeacha kukwepa lakini bado unakwama, ataita hiyo maendeleo? Na akikuahidi kupona kabisa kwa tarehe fulani, mshukuru, chukua mkoba wako, na nauli yako iwe bado mfukoni.